Sanduku la Bi Attracta na Jumapili ya Fainali

Sitaki mtu aje kuniambia nimependelea, kwa hiyo naanza na hili: mimi na Bi Attracta Beirne si watu wa chama kimoja. Baba yake na babu yangu walishika bunduki pande mbili za ugomvi ambao nchi hii haijaumaliza mpaka leo, na huku kijijini kwetu Carrowduff mtoto huzaliwa na chama chake kama anavyozaliwa na pua yake. Chama chetu ndicho chenye watu wenye akili. Chama chao ndicho kinachoshinda uchaguzi. Ukitaka kujua dunia hii ina dhuluma kiasi gani, anzia hapo.

Mimi nina saluni, mkabala na kanisa. Kwa miaka ishirini na sita, kila Ijumaa saa nne asubuhi, Bi Attracta anakaa kwenye kiti changu, namviringa nywele kwa rola, na tunatukaniana vyama mpaka nimwashie draya tusisikilizane tena. Akitoka hapo ananiachia mayai sita ya kuku wake. Hatujawahi kuachana na kinyongo hata Ijumaa moja, na mwaka ule chama chao kilipotushinda kwa kura tisa niliyapokea mayai vilevile, ingawa sikumwambia asante.

Alikuwa mtu wa posta. Miaka thelathini na mmoja alipeleka barua kwa baiskeli, mvua ikimnyea, mbwa wakimkimbiza, na alijua nyumba ipi inapata barua za Amerika na ipi inapata barua za benki. Hakuna siku aliyolisema la mtu. Siku Packie Beirne alipokwenda kumposa, mzee wa Attracta hakuuliza kijana ana ng'ombe wangapi. Aliuliza anapiga kura wapi. Packie, ambaye kwao walikuwa watu wa chama chetu, alimwangalia Attracta aliyesimama mlangoni na birika mkononi, akamjibu mzee kwamba kuanzia jioni ile anapiga kura popote atakapoambiwa. Walikaa pamoja miaka thelathini na minne, na mimi nasema hadi leo kwamba yule bwana kwenye kile kisanduku cha kura alikuwa anafanya mambo yake.

Lakini jina la Bi Attracta katika parokia yetu halikuwa la posta wala la ndoa. Lilikuwa la sanduku. Mara moja kwa mwaka, Jumapili moja ya vuli ambayo polisi wametoa kibali, chama chao kinachangisha pesa kwenye lango la kanisa. Meza ndogo, sanduku la bati lililozibwa kwa karatasi yenye mihuri, na nyuma yake Bi Attracta amevaa koti lake la kijani. Alianza akiwa msichana wa miaka ishirini na nane. Kila atiaye chochote anabandikwa kikaratasi kifuani, hata akitia senti mbili, na sanduku linafunguliwa mbele ya watu wawili. Mimi kila mwaka nilikuwa natia kifungo cha shati. Hata kwa hicho alikuwa ananibandikia kikaratasi, tena kwa adabu, halafu ananiambia, "Asante Nuala, kwa hali yenu hicho ni kingi."

Sasa nimtaje mkubwa wao. Fiachra Tansey. Mtoto wa fundi cherehani wa hapa hapa Carrowduff, akapanda, akawa mbunge, akawa waziri, akawa waziri mkuu mara mbili. Mzuri wa sura, suti zake zimekatwa Italia, kitambaa cha hariri mfukoni. Anakumbuka jina la mama yako na ugonjwa uliomuua. Alituletea bwawa la kuogelea, kiwanda cha jibini, na barabara inayopita mbele ya nyumba yake kule mlimani, ambako alikuwa na farasi kumi na mmoja. Mshahara wa waziri mkuu haulishi farasi kumi na mmoja. Tulijua. Usiniulize tulijua nini. Tulijua kama mume anavyojua umri wa mkewe, yaani hatukuwa tunautaja.

Basi ikaja tume. Jaji akawekwa kwenye Kasri la Dublin, jiji letu kuu, mawakili wakajaa kama kunguru shambani, na nchi nzima ikakaa kusikiliza pesa za Fiachra Tansey zilitoka wapi. Ikafika kwenye pauni elfu ishirini na mbili, noti tupu, zilizoingia benki Jumatatu moja miaka kumi nyuma. Mwenye kampuni moja ya ujenzi alikuwa amepata kiwanja kizuri wiki hiyohiyo, na jaji alitaka kujua kama mambo haya mawili yanajuana. Fiachra akaapa kwamba hayajuani. Zile, akasema, zilikuwa sadaka za watu wake wa nyumbani. Jumapili ya kuamkia Jumatatu ile walimchangia kwenye lango la kanisa la Carrowduff, kwa sanduku la Bi Attracta Beirne, mama mwaminifu ambaye alimkabidhi pesa hizo mkononi.

Gazeti lilifika saluni saa tatu. Niliisoma ile tarehe ya Jumapili mara moja, nikaisoma tena, nikakaa chini kwenye kiti cha wateja nikacheka mpaka mteja aliyekuwa chini ya draya akatoka kuja kuangalia nina nini. Nikamwonyesha ile tarehe kwa kidole. Naye akakaa chini.

Maana Jumapili ile ilikuwa Jumapili ya fainali. Kaunti yetu kucheza fainali ya mpira Dublin ni jambo linalotokea mara moja katika uhai wa mtu, ukibahatika. Padri mwenyewe aliihamishia misa Jumamosi jioni ili watu wawahi mabasi, akafunga kanisa, akafunga bendera kwenye gari lake akatutangulia. Carrowduff haikubaki na mtu. Mtu wa kwetu unaweza kumwamsha usingizini ukamuuliza tarehe ya harusi yake akababaika, lakini tarehe ile ataitaja na dakika ya penalti iliyotufunga juu. Ila hesabu za Fiachra zilikuwa zinatengenezwa na mhasibu wa Dublin, mtu wa gofu asiyefuata mpira, ambaye alitafuta Jumapili iliyo karibu na ile Jumatatu akaandika hiyo. Na Fiachra maisha yake yote alikuwa anatia sahihi bila kusoma.

Kijiji kizima kilijua siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Na kijiji kizima kikafunga mdomo, kwa sababu ya bwawa la kuogelea na kiwanda cha jibini.

Ijumaa Bi Attracta alikuja, akakaa, hakunitukania chama.

"Nimepata barua," akasema. "Wananiita Dublin nikaape."

"Si vizuri? Utaona Kasri bure, wengine wanalipia."

"Nuala, usinifanyie mzaha leo."

Nikaacha rola. Nilimwona kwenye kioo macho yamemvimba.

"Jana dukani," akasema, "yule binti wa Gavaghan kaniuliza: Bi Attracta, elfu ishirini na mbili, na sisi ulikuwa unatushukuru kwa shilingi? Watu wakacheka. Nami nikacheka. Halafu nyuma yangu nikasikia mtu anasema, miaka arobaini na mitatu na sanduku lile, nani anajua zimepita ngapi. Nimefika nyumbani nimekaa na koti mwilini mpaka chai imepoa."

"Nani kasema? Nitajie nikamnyoe."

"Sijui. Ndiyo mbaya yenyewe, sijui." Akakunja mikono mapajani. "Nikisema ndiyo, nimeapa uongo, na nimekubali kwamba sanduku langu lilikuwa linabeba mambo ya gizani. Nikisema hapana, nimemwangusha Fiachra. Baba yangu akifufuka ananitia mimi kaburini kabla hajarudi yeye. Na Mossie ameshaniambia nikisema hapana, langoni sisimami tena."

Mossie Feerick ndiye mwenyekiti wa tawi lao, mtu mnene mwenye sauti ya nyuki ndani ya chupa. Nilimtukana Mossie kwa dakika tano mfululizo, na Bi Attracta hata hakumtetea. Hapo ndipo nilipojua amevunjika kweli.

Jumatano iliyofuata Fiachra mwenyewe alimtembelea Bi Attracta nyumbani. Hili nalijua kwa sababu nilikuwa jikoni kwa Bi Attracta nikimsaidia kumenya matofaa ya jamu, na yule bwana akaingia kwa mlango wa nyuma kama mtu wa nyumba, akanibusu mkono uliojaa maganda, akasema, "Nuala Kilcoyne, bado tu uko upande wa washindwa?"

"Huko kwa washindwa ndiko unakokuja, Mheshimiwa," nikamjibu. "Karibu, nafasi ipo."

Akacheka. Huwezi kumchukia yule mtu akiwa mbele yako, na mimi nimejaribu kwa bidii. Bi Attracta akammiminia chai, akamkatia mkate wa soda ya kuokea, akampa ile siagi nzuri. Akala vipande viwili. Akauliza habari za mabinti wa Bi Attracta walioko Boston, kwa majina. Kisha akafuta midomo, akasema kwa upole:

"Attracta, ile Jumapili ya sanduku. Unaikumbuka kidogo?"

"Ile ya fainali?" akauliza Bi Attracta.

Jamani, mimi nimeona watu wakipokea habari za msiba, lakini uso kama ule wa Fiachra sijaona. Alikuwa hajui. Mpaka dakika ile alikuwa hajui. Mwenyewe siku ile alikaa safu ya pili uwanjani na kofia ya kaunti kichwani, televisheni ikamwonyesha mara tatu, na bado alikuwa ameiapia tarehe ile bila kuiangalia. Akaweka kikombe chini. Akaanza kucheka taratibu, akaendelea, mpaka akatoa kile kitambaa cha hariri kufutia machozi, na sisi wawili tukacheka naye, Mungu atusamehe. Ilikuwa inachekesha.

Alipotulia akamshika Bi Attracta mkono. "Dublin hawajui misa ya Carrowduff ilikuwa lini," akasema. "Wala hawatauliza. Watu husahau, Attracta. Na wewe una haki ya kusahau, kwa umri wetu huu."

"Mimi nina sabini na moja," akasema Bi Attracta. "Sijasahau kitu bado. Nawe Fiachra ungeniuliza kabla hujaapa. Ningekuambia bure."

Akamfungia mkate uliobaki ampelekee mkewe. Fiachra aliposhika njia, Bi Attracta aliketi akalia kimyakimya juu ya yale matofaa, nami nikaendelea kumenya kwa sababu sikujua la kufanya.

Siku ya ushahidi tulikodi basi. Watu arobaini na mmoja, vyama vyote viwili, na mimi sijapata kuona vyama hivyo vikipanda basi moja pasipo harusi wala maiti. Chupa za chai, sandwichi za nyama ya nguruwe, keki ya matunda ya mama Gavaghan ambayo ukiidondosha inavunja kidole. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshamtengeneza Bi Attracta nywele, nikazipiga dawa zisitikisike hata kwa tufani. Mossie alikaa kando yake njia nzima akimfundisha somo.

"Neno moja tu, Attracta. Sikumbuki. Wakikuuliza hili, sikumbuki. Wakikuuliza lile, sikumbuki. Mawaziri wazima wamelisema mle ndani na hakuna aliyekufa."

"Mossie," nikamwambia kutoka kiti cha nyuma, "ile mia niliyokulipia matairi mwaka juzi, unaikumbuka?"

"Sikumbuki," akasema Mossie, na basi zima likamcheka, hata watu wake.

Ukumbini tulijaza viti vya wananchi. Walikuwepo wastaafu wa Dublin ambao huja kila siku na mito yao ya kukalia, wakatusogelea, wakatuuliza huyu wenu ni mzuri? Nikawaambia subirini. Fiachra alikaa mbele na wakili wake, mtu mrefu mwenye sauti ya kuhubiri. Bi Attracta akapanda kiti cha shahidi, akashika Biblia, akaapa. Alionekana mdogo kwenye kile kiti. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mtu wa jirani na hata leo sijui alikuwa nani.

Wakili wa tume, binti mpole, akamwuliza kuhusu sanduku, naye akaeleza. Akamwuliza kiasi kikubwa kabisa alichowahi kukusanya kwa siku moja.

"Pauni mia mbili na kumi na saba," akasema Bi Attracta. "Na kifungo kimoja. Kifungo ni cha Nuala yule pale, mwenye skafu ya njano."

Ukumbi mzima ukageuka kuniangalia. Nikapunga mkono, ningefanyaje?

"Na Jumapili inayotajwa, ulikusanya kiasi gani?"

Bi Attracta alimtazama Fiachra, na Fiachra akamtazama, tena si kwa ubaya, alimtazama kama mtu anayengoja mvua ambayo ameshaiona mlimani. Mossie alikuwa anatingisha midomo bila sauti: sikumbuki, sikumbuki.

"Sikukusanya kitu," akasema Bi Attracta. "Siku ile Carrowduff hakukuwa na misa."

Wakili mrefu aliruka juu kama amekalia pini. Akaja na hekima zake: kumbukumbu, miaka kumi, umri wa mama, heshima zote. Bi Attracta akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia habari ya fainali, padri, mabasi, na kanisa kufungwa.

"Na wewe, mama, ulikwenda kwenye mpira?"

"Hapana. Mume wangu alikuwa mgonjwa kitandani, Mungu amrehemu. Nilibaki."

Wakili akanyanyuka juu ya vidole vya miguu. "Kwa hiyo ulikuwepo! Siku ile wewe ulikuwepo parokiani, na sanduku lako lilikuwepo. Hakuna kilichokuzuia kukusanya."

"Kwa nani, bwana?" akauliza Bi Attracta. "Parokia nzima tulibaki mimi, Packie na punda wa Murtagh. Packie hakuweza kusimama. Na yule punda hakuwa mtu wa chama chetu."

Wale wastaafu wa Dublin walipiga mito yao. Mwandishi mmoja wa gazeti aliangusha kalamu akaiacha hukohuko. Jaji alikuwa ameinamisha kichwa anatafuta kitu kwenye karatasi ambacho hakikuwepo, na mabega yanamcheza. Alipoinua uso akasema, "Mama Beirne, naukumbuka mchezo ule. Mimi ni mtu wa kaunti iliyowafunga."

"Ile haikuwa penalti, Mheshimiwa Jaji," akasema Bi Attracta.

"Hilo," akasema jaji, "halimo katika hadidu za rejea za tume hii."

Ndivyo ilivyokwisha. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imekatizwa na bendera za kaunti. Fiachra alitoka kwa mlango wa pembeni. Alipompita Bi Attracta akainamisha kichwa kidogo, naye akaitikia, kama watu wanaopishana kanisani.

Kurudi, basi lilikuwa kimya mpaka tulipouvuka mto Shannon. Hapo mtu mmoja nyuma akalia kama punda. Nakwambia lile basi lilicheka maili arobaini. Tukaimba, tukamaliza keki, mzee Murtagh akasimama kueleza kwamba kwa kweli punda wake alikuwa na mwelekeo wa chama chetu, nikampigia makofi. Bi Attracta alicheka pia, mashavu mekundu. Mossie peke yake hakuimba. Tuliposhuka akamwambia mbele ya watu, "Sanduku ulilete ofisini kesho."

Akalipeleka. Alilisugua kwanza kwa siki likang'aa. Kiangazi chote alikuja Ijumaa zake, tukatukanana kidogo, lakini nilimwona. Ukiondoa mzigo wa miaka arobaini na mitatu, bega halijui la kufanya. Kila aliyemsalimu haraka akapita, Bi Attracta alidhani ndiye aliyesema lile neno dukani. Aliniambia waziwazi: hakujutia aliyoyasema Dublin, ila hakujua tena watu wanamwonaje, na asingejua mpaka Jumapili ya sanduku.

Ikafika. Mossie alisimama mwenyewe langoni na meza na sanduku. Bi Attracta alikuja misa ya kwanza mikono mitupu, akapita upande wa pili bila kuitazama meza, akakaa nyuma. Nilibaki nje nikijifanya natafuta glavu zangu, kwa sababu sikutaka kukosa.

Wa kwanza alikuwa baba Gavaghan. Akaweka mkono mfukoni, akaangalia meza. "Attracta yuko wapi?"

"Mwaka huu niko mimi," akasema Mossie.

"Aa," akasema Gavaghan, akautoa mkono mfukoni bila kitu, akaingia kanisani. Wa pili vilevile. Wa tano, wa kumi. Hakuna aliyemtusi, hakuna aliyepandisha sauti. Walikuwa wanauliza tu, tena kwa upole: Attracta ni mzima? Hajambo? Tutamngoja basi. Binti wa Gavaghan, yuleyule wa dukani, alisimama akauliza mara mbili huku machozi yanamlenga. Misa ya kwanza ilipotoka, sanduku lilikuwa na senti kumi ambazo Mossie alizitia mwenyewe kuanzishia.

Mossie akaingia uwanja wa kanisa, uso mwekundu kama nyanya, amelibeba sanduku kifuani. Bi Attracta alikuwa kwenye ngazi za kanisa. "Miguu yangu inauma," akasema Mossie. "Simama wewe."

Bi Attracta hakumjibu. Alilipokea, akalitikisa, akasikia ile senti kumi peke yake humo ndani, akanitazama. Mimi nililia, sioni haya kusema. Akasimama langoni kwa misa ya pili, na watu wa misa ya kwanza, ambao walikuwa hawajaenda nyumbani hata mmoja, wakapanga mstari. Watu wa chama chetu wakapanga mstari. Nilitia noti ya pauni tano na nikamwambia mbele ya mashahidi kwamba baba yangu asiambiwe kaburini. Akanibandikia kikaratasi, akaniambia, "Kifungo nilikizoea."

Ndipo Fiachra Tansey akaja. Farasi walikuwa wameshauzwa, na dereva hakuwepo. Alishuka mlima kwa miguu, peke yake, suti ileile ya Italia na viatu vina tope. Mstari ukampisha. Akafika mezani, akavua kofia, akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto, wa ndani, wa nyuma. Mtu yule maisha yake yote hakuwahi kutembea na pesa. Siku zote alikuwepo bwana fulani pembeni wa kulipa, na siku ile pembeni hapakuwa na bwana yeyote.

"Attracta," akasema taratibu, "nikopeshe pauni moja."

Watu wote tulikuwa tunasikia. Bi Attracta akafungua pochi yake mwenyewe, si sanduku, akatoa pauni, akamtilia kiganjani. Fiachra akaitumbukiza, akabandikwa kikaratasi kwenye ile suti. Macho yalikuwa yamemlowa. "Nitakurudishia," akasema.

"Usirudishe," akasema Bi Attracta. "Ukirudisha itakuwa mkopo, na kwa mkopo wale wa tume watataka kujua masharti. Hii nimekupa. Na wakiniita tena Dublin, nitawaambia hivyohivyo."